Shakwe mwenye miguu ya njano

Kwenye podikasti ya wiki iliyopita nilitaja kwa haraka kwamba wasomi wa Ulaya waliwahi kuamini mbayuwayu hulala chini ya barafu wakati wa baridi. Tukacheka, tukahamia mengine. Baadaye meseji zikaanza kuingia: nusu yenu mlidhani natania. Jamani, sitanii. Na kwa kuwa habari yenyewe inaanzia kwenye maji ya Uswidi, inaishia Mwanza, na katikati kuna ugomvi mdogo kati yangu na baba, nimeona bora niiandike yote hapa, taratibu.

Nilikulia Södertälje. Kwa ambao hamjafika, ni mji ulio kusini-magharibi mwa Stockholm, umekaa kwenye kipande chembamba cha nchi kavu kati ya ziwa Mälaren na Bahari ya Baltiki. Zamani sana maji yalipita hapo yenyewe. Lakini ardhi ya Skandinavia imekuwa ikiinuka polepole tangu ule mzigo mkubwa wa barafu ya kale uyeyuke, na mlango ule wa maji ukajifunga. Watu wakawa wanaburuta mashua zao juu ya nchi kavu. Mfereji tunaoujua leo ulianza kuchimbwa 1806, ukafunguliwa 1819, ukapanuliwa tena 1924. Wengi wanaujua mji huu kwa malori ya Scania, au kwa Waashuri na Wasiria walioanza kuhamia huko mwaka 1967, kiasi kwamba darasani kwetu wenye wazazi wa Kiswidi ndio waliokuwa wachache. Mimi naukumbuka kwa mfereji.

Sababu ni hii. Januari ikikaza, ziwa Måsnaren upande wa magharibi wa mji linaganda, watu wanateleza juu yake na wengine wanatoboa matundu wavue samaki. Kwa Kiswidi shakwe ni mås, kwa hiyo utotoni niliamini kabisa Måsnaren ni ziwa la shakwe, na kila nikienda huko wakati wa baridi nakuta theluji tupu. Shakwe walikuwa mjini. Meli za mizigo zinazokwenda Västerås na Köping zinapita kwenye mfereji, zinavunja barafu, na panabaki ukanda wa maji meusi usioziba. Ndege wote ambao jana walikuwa wametawanyika kwenye maziwa na vighuba vya karibu wanabanana hapo, kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Ukisimama pale na darubini, hata ya bei rahisi, unaona mengi kwa nusu saa. Kuna gräsand, bata wa kawaida, dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa. Kuna vigg, mweusi na mweupe, ana kishungi kama nywele zilizolaliwa vibaya. Kuna knipa, dume ana doa jeupe la mviringo kati ya jicho na mdomo, na akiruka mbawa zake zinapiga mluzi. Mara nyingi utamsikia kabla hujamwona. Kuna storskrake, mwenye mdomo mwembamba wenye meno ya msumeno wa kushikia samaki. Wote wamekaa kwenye maji ya karibu nyuzi sifuri na hawagandi miguu, kwa sababu damu ya moto inayoshuka mguuni inapita ubavuni mwa ile baridi inayopanda na kuipasha njiani. Pembeni, juu ya barafu yenyewe, wamesimama shakwe, wote wakitazama upande mmoja unakotoka upepo.

Baba ndiye alikuwa ananipeleka. Alifanya kazi kiwandani kwa zamu, na Jumapili akiwa hana zamu tulikwenda mferejini, yeye akiwa amevaa makoti mawili. Alizaliwa Mwanza, ziwani kabisa, na nadhani maji ndiyo kitu pekee cha Uswidi alichokielewa bila kufafanuliwa. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na moja, alinyoosha kidole akamwonyesha shakwe mkubwa mwenye mgongo mweusi. Akasema, "Huyo ni wa kwetu. Hao wanakuja Mwanza."

Mimi nilikuwa nimepewa kitabu cha ndege shuleni. Nikapekua pale pale, vidole vimekufa ganzi. Nikamwambia hapana baba, huyo ni havstrut, kitabu kinasema anakaa huku huku, hafiki hata Misri, tazama miguu yake, ni ya pinki. Nikacheka. Unajua kile kicheko cha mtoto aliyegundua kwamba Kiswidi chake kimempita mzazi? Ndicho hicho. Baba hakujibu. Hakunikataza kwenda mferejini, ila Jumapili zilizofuata alikuwa amechoka, na zile za baada ya hapo pia.

Niliacha ndege, nikarudi kwao ukubwani, kwa njia ya historia.

Sasa ule mkasa wa barafu. Mwaka 1555 askofu mkuu wa Kiswidi aliyekuwa uhamishoni Roma, Olaus Magnus, alichapisha kitabu kikubwa cha Kilatini juu ya watu wa kaskazini. Ndani yake kuna mchoro: wavuvi wawili wanavuta wavu kutoka ziwani, na wavu una samaki na mbayuwayu pamoja. Anaeleza kwamba vuli ikifika mbayuwayu hujikusanya, mdomo kwa mdomo, bawa kwa bawa, wakazama majini hadi masika. Anaongeza kwamba wavuvi wazoefu wakiwapata huwarudisha majini. Vijana wasiojua huwapeleka kwenye moto, ndege wakaamka, wakaruka kidogo, wakafa. Mwandishi anayekupa hata makosa ya vijana, unamkatalia vipi?

Usimcheke haraka, lakini. Mwishoni mwa kiangazi mbayuwayu kweli hulala kwenye matete ya ziwani, maelfu kwa maelfu. Unawaona jioni wakishuka kwenye matete juu ya maji, na kuna asubuhi moja unaamka hakuna hata mmoja. Wiki chache baadaye ziwa linaganda. Ukiwa hujawahi kutoka hapo, jibu lililo karibu ni kwamba wako humo ndani. Carl von Linné mwenyewe, aliyeupanga ulimwengu wote wa viumbe kwa majina mawili mawili, aliandika kwenye toleo la 1758 la kitabu chake kikuu kwamba mbayuwayu huzama vuli na kuibuka masika. Toleo hilohilo ndilo lililompa jina shakwe nitakayemfikia hivi punde, Larus fuscus. Na kabla ya Linné kulikuwa na Mwingereza mmoja, Charles Morton, aliyetoa hoja kwamba ndege huenda mwezini. Yaani mwezini, sawa, Afrika, bado.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiisoma historia hii. Ulizo lenyewe lilikuwa na watu wenye majibu. Mvuvi wa Ziwa Victoria alijua kuna ndege wanaofika mvua za vuli zikikaribia na kutoweka miezi kadhaa baadaye. Mchungaji wa Bonde la Ufa alijua ni lini korongo weupe wanajaa malishoni. Ujuzi ulikuwepo ncha zote mbili za safari, ila hapakuwa na wa kuunganisha. Na barua ya kwanza kutoka ncha ya pili haikuwa ya wino. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, korongo alipigwa risasi akakutwa amechomwa shingoni na mshale wa mbao wa karibu sentimita 80, umepenya na kubaki humo. Wataalamu wakautambua kuwa umetoka Afrika. Aliruka nao hadi Ulaya, maskini, akafika nyumbani akauawa na bunduki. Yuko Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo, amekaushwa na mshale wake. Kijiji cha Ulaya alikopatikana kimeandikwa kwenye vitabu. Aliyerusha mshale hana jina, hata nchi yake haikuandikwa.

Baada ya mshale zikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwafunga kwenzi 165 wa mji wa Viborg pete za alumini zenye namba na anwani. Alishajaribu zinki miaka tisa kabla, zikawa nzito. Uswidi ilianza kuweka pete mwaka 1911. Mwaka huohuo mwanasheria wa Staffordshire, Uingereza, alimfunga pete mbayuwayu nyumbani kwake, na Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Hapo hadithi ya barafu ilikwisha, miaka zaidi ya 350 baada ya Olaus.

Tafakari pete inavyofanya kazi, maana vitabu hupitia jambo hili haraka mno. Pete za Uswidi zimeandikwa Riksmuseum Stockholm na namba. Peke yake haisemi chochote. Inasema siku mtu wa ncha ya pili, aliyemkuta ndege amekufa ufukweni au amenasa kwenye nyavu za dagaa, anaposoma herufi za nchi asiyoijua na kuamua kutuma habari: kupitia misheni, ofisi ya wilaya, au mwalimu wa shule mwenye stempu. Ramani zote nzuri za safari za ndege unazoziona makumbusho zimetiwa vidoti na watu kama hao.

Sasa turudi kwa shakwe wa baba. Kwenye Baltiki kuna shakwe watatu wakubwa wa kuwajua. Gråtrut ana mgongo wa kijivu na miguu ya pinki. Havstrut ni pandikizi la ndege, mgongo mweusi, miguu ya pinki iliyopauka. Wa tatu ni silltrut, jina lake likimaanisha shakwe wa samaki aina ya heringi: mwembamba kidogo, mbawa ndefu, mgongo mweusi kama makaa, na miguu ya njano. Hawa wawili wa kwanza unawakuta Södertälje Januari, kwenye barafu. Silltrut humkuti. Anataga kwenye visiwa vya Baltiki, anaondoka kiangazi kikiisha, anarudi mwezi wa nne.

Anakwenda wapi? Pete zilianza kusema zamani, zikitoka Afrika Mashariki na ya Kati. Halafu mwaka 2009 watafiti wa Finland wakawafunga vifaa vya setilaiti, na njia ikaonekana yote: Ulaya ya mashariki, Bahari Nyeusi, pembe ya mashariki ya Mediterania, mto Nile, hadi maziwa yetu. Ziwa Victoria ni moja ya vituo vyao vikubwa. Mwaka 2015 kundi la watafiti wakiongozwa na Martin Wikelski lilichapisha jaribio moja la ajabu: waliwachukua shakwe wa aina hii wakawapeleka mbali na njia yao, wengine mashariki hadi Kazan, Urusi, wengine magharibi hadi kisiwa cha Heligoland, Ujerumani. Waliobaki wazima walirekebisha mwelekeo wakairudia njia. Waliokatwa mishipa ya fahamu ya kunusa hawakuweza. Yaani ndege hawa wanaijua njia ya kwetu kwa pua.

Nilisoma hayo nikiwa maktaba, na kitu cha kwanza nilichoona ni kidole cha baba. Alikosea ndege mmoja. Alikuwa sahihi juu ya jambo lenyewe, na alilijua bila kitabu, kwa sababu alikuwa ameliona upande wa pili kabla hajajua kuna Uswidi. Mgongo mweusi mmoja anafanana na mwingine ukiwa na miaka kumi na umesimama kwenye mwalo. Kitabu changu cha shule, kwa upande wake, kilikuwa na ramani iliyokatwa kwenye ufuko wa Mediterania. Kusini ya hapo palikuwa na mshale mdogo tu unaoelekeza chini, nje ya karatasi.

Kuna sehemu ya habari hii isiyofurahisha, nisiiruke. Silltrut wa Baltiki wamepungua sana kuanzia miongo ya mwisho ya karne iliyopita. Nchini Finland makinda yalikuwa yanakufa wiki za kwanza, na miilini mwao kukakutwa mabaki mengi ya DDT, kuliko kwa jamaa zao wanaobaki Baltiki mwaka mzima. Baadhi ya watafiti wa Finland na Norway walihoji kama sehemu ya sumu hiyo huokotwa kwenye maeneo ya kipindi cha baridi, ambako dawa hiyo iliendelea kutumika muda mrefu baada ya Uswidi kuipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nimesikia watu wakilieleza jambo hili kwa sauti ya "huko Afrika". Basi tukumbushane na mwanzo wake: nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa Basel, Uswisi, mwaka 1939, na Paul Müller akapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake 1948. Ikiwa shakwe kweli aliirudisha kaskazini kwenye mafuta ya mwili wake, alikuwa anarudisha bidhaa kwa mwenyewe.

La kufurahisha zaidi ni hesabu. Tangu 1967, katikati ya Januari, watu wa nchi nyingi za Ulaya hutoka kwa wakati mmoja kuhesabu ndege wa majini. Januari inafaa kwa sababu ndege wametulia: barafu imewakusanya kwenye maji machache yaliyo wazi, na huna hofu kwamba bata uliyemhesabu leo kesho atahesabiwa na jirani. Afrika iliingia kwenye mpango huo mwaka 1991. Kwa hiyo, majira yaleyale ambapo mtu fulani Uswidi anapuliza vidole vyake akihesabu vigg kwenye ukanda wa maji, Kenya kuna watu na vikombe vya chai ya asubuhi wanahesabu ndege wa Nakuru na Naivasha. Na baadhi ya bata wanaohesabiwa kule walitotolewa huku. Årta, kwa mfano, bata mdogo ambaye dume ana mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi ya mzee, anaihama Ulaya kabisa. Ukimtafuta Södertälje Januari unapoteza muda wako. Anayetaka kujua hali ya ndege mmoja lazima awe na daftari zote mbili.

Kuna watu wametuandikia kwamba wao kutazama ndege wanaona ni starehe ya Wazungu wastaafu. Nawaelewa, nami niliwahi kusema hivyo. Ila siku hizi nikimwona mstaafu wa Kiswidi na darubini yake ya bei mbaya nafikiri: wewe una nusu ya daftari, na nusu nyingine iko kwenye simu yangu, imehifadhiwa kwa jina la Ba'mdogo Mwanza.

Januari hii nilikwenda Södertälje kuwaona wazazi. Baba amestaafu, magoti yanamsumbua. Nikamwambia twende mferejini, nina darubini mbili. Aliniangalia muda. Akasema kuna baridi. Nikamwambia, "Najua baba, lakini nataka kukuonyesha nilipokosea." Akaenda kuchukua koti, kisha akarudi kuchukua la pili.

Maji yalikuwa wazi katikati, barafu pande zote. Nikampa darubini, nikamweleza habari za miguu: pinki hawa, njano wale. Akamtafuta havstrut, akamkuta, akamtazama kwa makini, akakubali. "Kweli, huyu ni mwingine. Wetu ni mwembamba." Halafu akatoa simu akampigia mdogo wake kwa video. Shikamoo zikapita, marahaba, habari za nyumbani, habari za baridi. Ba'mdogo alikuwa Kirumba, mwaloni, kelele za soko nyuma yake, dagaa wameanikwa. Baba akamuuliza kama wale ndege weupe wapo.

"Wapo tele. Wanaiba dagaa. Hawa wenye kichwa cha kijivu tunakaa nao mwaka mzima. Wale wenye koti jeusi ndo wamekuja, miezi kadhaa sasa."

"Sogea uwaone vizuri," baba akasema. "Miguu yao ya rangi gani?"

Picha ikatikisika, ikaonyesha anga, ikaonyesha viatu vya mtu. Upande wetu knipa wawili walipita juu ya mfereji na mluzi wao. Baba hakuwageukia, alikuwa ameinamia simu.

"Ya njano," Ba'mdogo akasema. "Kwani vipi?"